Vifaa vya kuchezea vya mtoto wa miezi tisa

Dada, umeuliza kama unaweza kumtengenezea mwanao wa miezi tisa vifaa vya Montessori, yaani vya kumfanya mtoto ajifunze kwa kugusa na kujaribu mwenyewe, kwa mikono yako hapo Moshi, kwa kuwa vya dukani ni ghali. Unaweza, na ningeanza na boksi la viatu: toboa tundu juu, kata mlango ubavuni, kisha mwache atumbukize mpira wa soksi na kuutafuta, kwa maana katika umri huu anaanza kuelewa kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Kwa kugusa, mwiko usio na vibanzi na kipande cha kitenge vinatosha. Kizibo cha soda au punje za mahindi usimpe kabisa. Chochote kinachopenya katika bomba la karatasi ya chooni kinaweza kumziba koo.