Acheni kubishana na mteja: kwa washauri nasaha wapya

Wadogo zangu mlioanza mazoezi kwa vitendo, wiki hii nimeketi pembeni kwenye vikao vyenu na nimeisikia tena ile sentensi: "Mama, hebu fikiria chanya." Nawapenda, lakini hiyo si CBT, yaani tiba ya mazungumzo inayoshughulika na mawazo na tabia.

1. Wazo linapimwa, halifukuzwi. Aaron Beck alipoijenga tiba hii Philadelphia miaka ya 1960, aliwafundisha wagonjwa wa sonona kuyachunguza mawazo yanayowajia ghafla. Na ukipima wazo, huenda ukalikuta ni la kweli. Hapo ndipo mimi niliumbuka.

Mama mmoja alikuwa mweka hazina wa kikoba. Akasema, "Wenzangu hawaniamini tena." Nikakimbilia jedwali la mawazo, lile lenye safu za ushahidi unaounga mkono na unaopinga wazo, nikaandika jina la kosa la kufikiri: "kusoma mawazo ya watu". Nikamsukuma hadi safu ya ushahidi unaopinga: si wanamsalimia, si walikuja msibani kwake? Alianza kikao akiliamini wazo lake kwa asilimia 90, akamaliza kwa 30. Nikafurahia ile 30. Kumbe alinipa kwa heshima tu, kama mgeni anavyomaliza chakula asichokitaka. Kikao kilichofuata hakuja. Aliporudi alinieleza kwamba wenzake walishakaa bila yeye, wakampa mtu mwingine daftari na funguo za sanduku. "Nilikueleza, hukunisikia." Nilikuwa nimemfundisha mtu mwenye akili timamu kutoyaamini macho yake. Alichohitaji ni kupanga namna ya kulikabili tatizo: aanze kuongea na nani, hesabu zipitiwe mbele ya nani. Kutatua matatizo nako ni CBT. Siku hizi nauliza kwanza, "Tungejuaje kama ni kweli?"

2. Asiyeweza kutoka kitandani usimpe jedwali. Mpe jambo dogo lenye saa yake, kama kukaa barazani saa nne asubuhi, apime hali yake kabla na baada.

3. Kazi ya nyumbani ikaguliwe mwanzoni mwa kikao. Usipoiulizia, haifanywi tena. Asiyeandika arekodi sauti kwenye simu.

4. Hofu ipandwe ngazi kwa ngazi, na mteja abaki pale mpaka ajionee kwamba anachokiogopa hakitokei. Mmoja wenu alimruhusu kijana anayeogopa daladala ashuke mara tu moyo ulipoanza kumwenda mbio. Kijana akajifunza kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa, na sasa hata kituoni hafiki. Tutaanza naye upya, taratibu.

5. Msiseme hii ni kazi ya wenye shahada tu. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, washauri wasio wataalamu wa saikolojia waliendesha vikundi vya CBT ya kiwewe, vikao 12, kwa watoto waliofiwa na wazazi. Matokeo yalichapishwa 2020, na watoto walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida, hasa upande wa Kenya. Washauri wale walikuwa na usimamizi wa karibu. Kwa hiyo Alhamisi leteni rekodi za vikao, mteja awe ameridhia kwa maandishi, na mwanze na kile kilichowashinda.