Mtoto aliyeungua arudi masomo lini?

SWALI: Binti yangu wa miaka 9 alimwagikiwa maji ya moto kwenye mbabula (jiko la makaa), akaungua shingo na mkono. Kidonda kimefunga, ni mwezi wa pili sasa, ila kovu limevimba. Kuna mtu sokoni anauza mafuta ya kulifuta. Nataka liishe kwanza ndipo arudi masomo, maana anaogopa kuchekwa. Ningoje muda gani? (Mama, Ndosho, Goma)

JIBU: Usingoje, mama. Kovu la moto huchukua mwaka mmoja hadi miwili kukomaa. Ukilisubiri, wenzake watakuwa wamemwacha madarasa mawili.

Huyo wa mafuta namfahamu kupitia wazazi wanaokuja kwangu wakiwa wamekwisha kumlipa. Kovu kama hilo huvimba zaidi miezi ya kwanza, kisha hulainika lenyewe polepole. Likivimba, atakwambia dawa inatoa uchafu. Likianza kulala, atasema ni yeye. Mengine niliyoletewa ni mafuta ya kujichubua tu, na ngozi mpya haiwezi kuyastahimili.

Na wakati mnapaka, shingo inavutika. Hilo ndilo linalonikera. Mtoto huinamia upande wa kovu kwa kuwa hapo hasikii maumivu, na mama humwacha “apumzike”. Mkao huo wa raha ndio unaoifupisha ngozi, mpaka siku moja kidevu hakiinuki tena bila upasuaji. Atazame juu, ageuze shingo, anyooshe mkono mara kadhaa kila siku, hata akinung'unika. Alale bila mto. Kovu likandwe kwa mafuta ya kawaida yasiyo na marashi, na lifunikwe juani. Muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo mwezi huu, si baada ya likizo. Masomo yenyewe yatamsaidia: kuandika ubaoni, kunyoosha mkono kujibu, kuruka kamba, yote ni mazoezi.

Kuhusu kuchekwa: nenda umwone mwalimu kabla. Aruhusu kitambaa laini shingoni hata kama si sehemu ya sare, amkalishe mbali na dirisha lenye jua, na awaeleze wanafunzi mapema kwamba haiambukizi, mtoto mwenyewe akikubali. Nyumbani mfundishe jibu fupi: “Niliungua na maji ya moto, nimepona.” Alizoee hadi alitamke bila kuangalia chini. Wiki ya kwanza anaweza kurudi nyumbani saa ya mapumziko.

Wauzaji hawa hawaanzii kwenye kovu, wanaanza siku ile ile ya ajali. Moto ukimpata mtoto, ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, kisha kitambaa safi na hospitali. Mawese, dawa ya meno, majivu, yai: vyote hivyo inabidi tuvioshe kwanza, mtoto akipiga kelele, ndipo tuone ameungua kiasi gani.