Nilizaliwa tarehe ya Lugalo: niandike nini katika daftari langu?

SWALI

Kamwene Mhariri. Mimi ni fundi cherehani hapa Ipogolo, Iringa, na tarehe 17 Agosti mwaka huu wa 2025 nitatimiza miaka hamsini. Wanangu wanaandaa keki na, kama ilivyo desturi ya siku hizi, wamepanga kunimwagia maji. Mimi ningependa kuiadhimisha siku hiyo pia katika kaunta buku langu, ambamo nimekuwa nikiandika mambo ya kila siku kwa miaka sita sasa. Nataka ukurasa huo uwe na habari za kihistoria za tarehe yangu, lakini sijui nichague zipi, wala sijui kama inafaa kuchanganya mambo makubwa na habari za sindano zilizovunjika. Kuna jambo jingine: kadi yangu ya kliniki inasema nilizaliwa 17 Agosti 1975, ila mama, aliyekulia Bagamoyo kabla ya kuolewa huku, husema siku zote kwamba alinizaa "usiku wa Jumapili". Je, hayo yanapatana? Nimeambatisha ukurasa mmoja wa daftari ili uone ninavyoandika.

Fundi, Ipogolo (jina limehifadhiwa)

JIBU

Kamwene, mama. Nitaanza na swali la mwisho, kwa maana ukurasa wa siku ya kuzaliwa ukikosea siku yenyewe, mengine yote yatakuwa yamejengwa juu ya mchanga.

Tarehe 17 Agosti 1975 ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kadi na mama hawajaachana mbali. Tatizo liko katika neno "usiku". Katika Kiswahili cha pwani alichokulia mama yako, siku huanza jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Ndiyo maana mtu wa kule akisema "usiku wa Jumapili" aweza kuwa na maana ya usiku ambao watu wa ofisini wanauita Jumamosi usiku, na watangazaji wa redio wanauita usiku wa kuamkia Jumapili. Iwapo alikuwa na maana hiyo, na ulizaliwa baada ya saa sita usiku, kadi iko sawa. Iwapo alikuwa na maana ya Jumapili baada ya jua kuzama, na ulizaliwa kabla ya saa sita, kadi bado iko sawa. Usimuulize mama saa, kwa sababu mwanamke aliye katika uchungu hatazami saa. Muulize majirani waliokuja asubuhi kumwona mtoto walikuwa wamevaa nguo gani: za kanisani, au za shambani na kazini. Jibu la nguo litakupa usiku wenyewe, na nakushauri uliandike kwa maneno yake mama, na Kibagamoyo chake, bila kulinyoosha.

Hapo hapo utaona jambo ambalo huenda hukulitarajia, nalo ni kwamba kalenda ya mwaka 2025 inalingana na ya mwaka 1975 siku kwa siku, kwa hiyo unatimiza hamsini siku ile ile ya Jumapili.

Sasa historia. Mtu aliyezaliwa Agosti 17 akiishi Iringa hana haja ya kuhangaika mbali. Asubuhi ya Jumatatu, 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, kilikuwa kikipita Lugalo kwa mstari mrefu wa askari, wapagazi na punda, kikiielekea nchi ya Wahehe. Wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikuwa wamejificha vichakani na nyuma ya mawe. Waliposhuka, mapigano yalikwisha kwa muda mfupi mno: Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine kadhaa na zaidi ya askari mia mbili, na bunduki nyingi zikabaki mikononi mwa Wahehe. Wajerumani hawakuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, hadi Oktoba 1894. Mnara waliojengewa Wajerumani waliokufa uko mashariki ya mji wenu, kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro. Abiria wengi wa mabasi huupita wakiwa wamesinzia. Kambi ya jeshi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imechukua jina lake kutoka hapo.

Ukitaka ya mbali, Agosti 17 ndiyo siku aliyozaliwa Marcus Garvey, mpigania haki za watu weusi, huko Jamaika, mwaka 1887. Ndiyo siku Indonesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1945, na Gabon ilipoupata uhuru wake kutoka kwa Ufaransa mwaka 1960. Mstari mmoja unatosha kwa yote matatu. Ninakuomba tu usivutie kwenye tarehe yako jambo lisilo lake, kwani nimeona watu wa Iringa wakifanya hivyo na kifo cha Mkwawa mwenyewe, ambacho ni cha 19 Julai 1898. Mambo ya mwaka yaweke kwenye mwaka: mwaka 1975 Msumbiji ilipata uhuru, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilikuwa imekwisha kutandikwa kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ingawa ilikabidhiwa rasmi Julai 1976.

Kuhusu kuchanganya, nimeusoma ukurasa ulioniletea: "Jumanne. Umeme ulikatika saa nne, ukarudi alasiri. Sketi mbili za shule hazikuisha. Sindano namba 16 imevunjika kwenye jinzi. Mwenye kitenge cha njano hajaja." Mama, huu ndio ukurasa ninaouonea wivu. Habari za Lugalo mjukuu wako atazipata popote, na atazipata zikiwa kamili kuliko utakavyoziandika wewe. Vitabu vinawataja maafisa wa Nyundo kwa majina na vyeo, lakini ukitafuta wapagazi wake walikula nini asubuhi ile utachoka. Sindano ya jinzi haitaandikwa na mtu mwingine. Ninalokulaumu ni moja tu: hukuandika bei. Sindano ilikuwa shilingi ngapi, na kushona sketi ya shule unatoza kiasi gani? Mwenye kitenge cha njano naye, alitanguliza pesa au hakutanguliza?

Kwa hiyo, katika ukurasa wa siku hiyo, Lugalo ipewe aya moja juu, na sehemu iliyobaki iwe ya Jumapili yako: aliyekuja, kilichopikwa, unga ulinunuliwa kwa kiasi gani, mama amesema nini kuhusu zile nguo. Kama wanao wana usafiri, nenda Lugalo asubuhi na daftari, uandikie pale pale chini ya mnara, ukiwa umevaa sweta. Hayo maji ya kumwagiwa wayaweke juani kwanza, na wasubiri hadi saa saba mchana, maana Agosti ya Iringa wanaijua.