Misuli Ikiuma Baada ya Zoezi, Usikimbilie Kidonge

Msomaji mmoja ameniandikia. Alirudi mazoezini baada ya kukaa miezi mitatu, siku ya kwanza akachuchumaa na chuma begani seti sita, na kesho yake kukaa kitini kukawa shughuli. Akameza ibuprofeni, kidonge cha kutuliza maumivu na uvimbe, kutwa mara tatu. Siku ya pili akapima damu, akaambiwa chembe nyeupe zimepanda na vimeng'enya vya ini viko juu. Sasa anaogopa.

Tuanze na hiyo damu. Vimeng'enya vya AST na ALT tunaviita vya ini, lakini vimo ndani ya misuli pia, na msuli ukichanika huvimwaga. Baada ya kunyanyua vyuma vizito, mtu asiyezoea anaweza kubaki na vipimo vya juu kwa wiki nzima au zaidi. Kwa hiyo mwambie daktari ulifanya zoezi gani na lini, aongeze kipimo cha kriatini kinasi, kimeng'enya kinachotoka zaidi kwenye misuli, kisha rudia baada ya siku saba au zaidi za kupumzika. Watu wanatibiwa ini lisilougua kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo.

Kinachochana msuli zaidi ni kurefuka huku umebeba mzigo: kuteremka mlima, kushusha chuma, kuchuchumaa. Nyuzi zikipasuka, neutrofili, chembe nyeupe za mstari wa mbele, hufika ndani ya saa chache kusafisha mabaki. Makrofaji, chembe nyeupe zinazomeza uchafu, hufuata siku ya kwanza hadi ya pili. Za mwanzo husafisha, zinazofuata huziamsha seli za akiba zinazojenga nyuzi upya. Maumivu hufika kilele kati ya saa 24 na 72. Mchochota huo unaoulaani, yaani uvimbe na maumivu ya kinga ikifanya kazi, ndio fundi mwenyewe, yuko kazini.

Tena msuli haungoji kuumia. Ukifanya kazi tu hutoa interlukini-6, protini inayopeleka ujumbe kwa kinga ya mwili, ambayo baada ya marathoni inaweza kupanda hadi mara 100. Hiyo huita mwenzake, interlukini-10, inayotuliza mchochota. Akiba ya sukari ya msuli ikiisha, interlukini-6 na kotisoli, homoni ya msongo, hupanda zaidi, ndiyo maana zoezi refu linalopita dakika 90 linahitaji wanga gramu 30 hadi 60 kila saa. Usiende na maji peke yake.

Sasa kidonge. Vijana waliomeza ibuprofeni miligramu 1,200 kila siku kwa wiki nane huku wakinyanyua vyuma walijenga misuli kidogo kuliko waliotumia aspirini ya dozi ndogo. Kuingia maji baridi ya nyuzijoto 10 za Selsiasi kwa dakika 10 kila baada ya vyuma nako hupunguza ukuaji wa misuli. Ukiwa na mashindano mawili ndani ya siku mbili, ingia kwenye barafu bila wasiwasi. Ukiwa unajenga mwili, acha. Vitamini C miligramu 1,000 pamoja na vitamini E kila siku nazo zinaweza kuufifisha ujumbe ambao zoezi linaupeleka mwilini. Tumejizoeza kuuzima mwili kila unapolalamika, na hilo linanikera.

Kinga halisi ni dozi ya kwanza ya zoezi. Wiki ya kwanza fanya seti mbili tu, kwa nusu ya uzito uliouzoea, na uache marudio manne au matano kabla ya kuchoka kabisa. Zoezi moja jepesi la namna hiyo huulinda msuli kwa wiki kadhaa, likirudiwa huumiza kidogo sana.

Kuhusu mafua baada ya mbio ndefu: limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, hushuka kwenye damu saa moja au mbili baada ya zoezi kali. Wengi huona kinga imekufa, lakini sehemu kubwa ya chembe hizo zimehamia kwenye tishu. Usingizi chini ya saa sita una hatari iliyo wazi zaidi. Ukiwa na homa au maumivu ya mwili mzima, usifanye mazoezi kabisa, kwani virusi vinaweza kuwa vimefika kwenye moyo.

Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola, msuli umevimba na kukaza, au nguvu zimekwisha kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda protini ya msuli imeanza kuziba figo, na ibuprofeni hapo huzibana zaidi.