Bibi Nesi Anajibu: Mafuta ya Mgando, Unafunika Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza mafuta ya mgando. Sishangai. Nyanda za Juu baridi imeshika, midomo inapasuka, na kila nyumba ina kopo lake dirishani. Wanaouliza kampuni ipi ni bora wanisamehe, nimewaweka kando. Kopo la bei ya chini na la bei ya juu, kama yote mawili ni mafuta matupu yasiyo na manukato wala rangi, yanafanya kazi ileile.

SWALI: Shikamoo Bibi Nesi. Mwanangu ana miaka mitatu. Ngozi yake imekauka, hasa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na usiku anajikuna mpaka damu inatoka. Nampaka mafuta ya mgando asubuhi, mchana na jioni. Juu anang'aa, lakini ukimshika ngozi bado ina mikwaruzo. Nibadilishe mafuta? *Mama, Njombe*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mafuta yaache yalivyo, ubadilishe saa ya kupaka.

Mafuta ya mgando hayana hata tone la maji. Hayalishi ngozi wala hayaiongezei unyevu, ingawa matangazo yanapenda kusema hivyo. Kazi yake ni kufunika tu. Maji ya ngozi huruka hewani muda wote, na hewa ya kwenu mwezi wa saba inayanyonya kwelikweli. Mafuta haya yakitandazwa juu huzuia karibu maji yote yasiruke. Lakini kawa huhifadhi wali uliomo kwenye sinia; sinia likiwa tupu, umefunika sinia.

Najua watoto wanavyoogeshwa kwenye baridi, nimeyaona. Maji ya moto yanayotoa mvuke, sabuni ya mche ileile ya kufulia, dodoki mgongoni. Kisha mtoto anafutwa mpaka anakauka kau, anasogezwa kwenye jiko la mkaa apate joto, ndipo mtu anaanza kuuliza kopo liko wapi. Maji yote yameshakwenda. (Na jiko la mkaa lisiwekwe chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hilo si la ngozi tena, ni la uhai.)

Kopo lifunguliwe kabla mtoto hajaingia kwenye beseni. Maji yawe ya uvuguvugu, na dakika kumi zinamtosha. Sabuni iwe laini, isiyo na harufu kali, na iishie kwapani, shingoni, makalioni na miguuni. Sehemu nyingine maji yanatosha. Akitoka, taulo limguse tu, lisimsugue. Mpake angali na umajimaji mwilini, ndani ya dakika tatu. Chota kwa kijiko safi, maana vidole vikiingia koponi kila mara vinapeleka uchafu, kisha yalainishe viganjani na uyatelezeshe kufuata malaika, yaani vinyweleo vya mwili, zinavyolala. Mchana kama haogi, mlowanishe kwanza kwa kitambaa cha maji. Wewe mwenyewe kama una magaga, loweka miguu jioni, paka, vaa soksi za pamba, ulale.

Sasa lile la kujikuna. Ukavu unaokaa kwenye mikunjo na kuwasha usiku unafanana sana na pumu ya ngozi. Mafuta yatasaidia kila siku, ila ngozi ikishavimba na kuwa nyekundu inataka pia dawa ya kupaka ya hospitali, kwa muda na kiasi atakachokupangia daktari. Mpeleke. Mkate kucha. Ukiona majimaji ya njano yanayoganda juu ya vidonda usingoje siku ya kliniki, kwa sababu hapo vijidudu vimeshaingia.

SWALI: Nesi, mjukuu wangu wa chuo anasema mafuta haya yanatokana na petroli na yanaleta saratani. Mimi nayapaka tangu utoto, sasa nina sabini na ushei. Ndiyo nimekwisha? *Babu, Pangani*

JIBU: Shikamoo babu. Hujaisha. Mjukuu kashika nusu ya habari.

Yanatokana na mafuta ghafi ya ardhini, si petroli ya kutia kwenye bodaboda. Mwaka 1859 kijana mkemia aitwaye Robert Chesebrough alikwenda Titusville, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, mafuta yalipokuwa yamegunduliwa. Akawakuta wafanyakazi wanalaani nta nyeusi iliyokuwa ikiganda kwenye mitambo yao ya kuchimbia. Lakini wakiungua au wakijikata, nta ileile waliyoilaani ndiyo waliyojipaka. Akaichukua, akahangaika nayo mpaka ikatakata, na mwaka 1872 akapata hataza, yaani haki ya mgunduzi, ya bidhaa aliyoiita Vaseline. Husimuliwa kwamba alikuwa akila kijiko chake kila siku, na alifariki 1933 akiwa na miaka 96. Wewe babu paka tu, usile.

Hofu ya saratani inatokana na kemikali mbaya zilizomo kwenye mafuta ambayo hayajasafishwa vizuri. Yale yaliyosafishwa kwa matumizi ya dawa na vipodozi yameondolewa uchafu huo, ndiyo maana hospitali zinayatumia hadi kwenye vidonda. Mimi nayaogopa yale yanayochotwa kwenye pipa sokoni na kutiwa kwenye kikopo kisicho na jina. Nunua lenye lebo, jina la kiwanda, tarehe, na neno petrolatum, jina la kitaalamu la mafuta haya, kwenye orodha ya vilivyomo. Hapa kwetu tafuta na alama ya TBS, Shirika la Viwango.

Jambo moja nakuomba. Wazee wengi mna mazoea ya kuyasukuma ndani kabisa ya pua kila usiku mafua yakibana. Yakiteleza kidogokidogo kwenda mapafuni kwa muda mrefu yanaweza kuleta nimonia. Yaishie mlangoni mwa pua.

SWALI: Mama mkwe anataka mtoto wa miezi miwili apakwe mafuta mwili mzima mara mbili kwa siku ili ang'ae. Sasa ana vipele vidogovidogo shingoni na kifuani. Nikisema naonekana sina adabu. *Mkwe, Mbagala*

JIBU: Hiyo harara. Bila shaka juu ya mafuta hayo kavalishwa sweta, kofia na soksi, kwa kuwa ni "msimu wa baridi". Baridi ya Mbagala! Jasho lake halina pa kutokea. Acha mafuta ya mwili, mwogeshe maji ya kawaida, mvalishe kinguo kimoja chepesi cha pamba. Vipele vitanywea vyenyewe baada ya siku chache.

Kopo usilitupe. Kila unapobadilisha nepi, safisha, kausha, kisha paka makalioni ili mkojo na kinyesi visikae moja kwa moja kwenye ngozi. Ila wekundu ukiingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja na kuzungukwa na vipele vidogo pembeni, huenda ni fangasi, naye anahitaji dawa yake kutoka zahanati. Ni vivyo hivyo kwa wanaopakia mapunye ya kichwani mafuta kila asubuhi ili mtoto asionekane mchafu shuleni. Funika kombe mwanaharamu apite, lakini fangasi hapiti, ukimfunika ndiyo anajenga.

Mama mkwe mwambie Bibi Nesi ndiye kasema. Anilaumu mimi.

SWALI: Nisaidie bila kutaja hata mtaa wangu. Mafuta ya mgando yanafaa kutumika pamoja na kondomu? *Kijana, Mwanza*

JIBU: Hayafai. Kondomu nyingi ni za mpira wa lateksi, na mafuta yanaudhoofisha upesi mpaka unapasuka. Losheni za mafuta na mafuta ya nazi ni hivyohivyo. Famasi wanauza vilainishi vya maji. Na umefanya vizuri kuuliza, wenzako wanaona haya.

SWALI: Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto hapa shuleni tunampaka mafuta ya mgando haraka. Wenzangu wengine wanasema dawa ya meno. *Mwalimu wa chekechea, Dodoma*

JIBU: Dawa ya meno ni ya meno, mwalimu. Na mafuta nayo kwa wakati ule yanazuia joto lisitoke. Weka sehemu iliyoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, barafu usiweke, na sehemu nyingine za mwili uzifunike asipate baridi. Vua nguo na bangili kabla hajavimba, ila kilichogandana na ngozi kiache. Malengelenge usitumbue. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, na kama ni uso, mikono, sehemu za siri au eneo kubwa, hospitali moja kwa moja.

Kopo lenu lina kazi kwenye michubuko ya uwanjani. Osha kwa maji na sabuni, paka mafuta safi, funika na bandeji, rudia kila siku. Kidonda kinachokaa na unyevu hupona vizuri kuliko kilichoachwa kikauke na kupasuka. Kuna utafiti uliochapishwa 1996 kwenye jarida la tiba la JAMA la Marekani, ukiwa na wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Waliopakwa mafuta ya mgando matupu hawakupata maambukizi kwa kiwango kinachotofautiana na cha waliopakwa dawa ya antibayotiki. Hao walisafishwa vizuri, lakini. Ukifunika mchanga wa uwanja, unabaki na mchanga.

SWALI: Binti yangu ana ualbino. Nampaka mafuta ya mgando kabla hajaenda shule ili jua lisimchome. Natosheleza? *Baba, Sengerema*

JIBU: Hapana, mzazi mwenzangu, na hili lifanyie kazi wiki hii. Mafuta ya mgando hayazuii miale ya jua. Binti anahitaji losheni ya kuzuia jua, kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, na ruhusa ya mwalimu kukaa kivulini wakati wa michezo. Kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia hospitali ya wilaya au chama cha watu wenye ualbino namna ya kuipata. Mafuta ya mgando abaki nayo ya midomo usiku.

SWALI: Nimeuziwa Kariakoo kikopo cha "mafuta ya mgando ya kung'arisha", hayana lebo. Wiki mbili tu uso umetakata, lakini nikiacha siku mbili unawaka moto. *Dada, Temeke*

JIBU: Mdogo wangu, mafuta ya mgando hayamng'arishi mtu. Hayana uwezo huo. Ukipaka mafuta ukawa mweupe, ujue kuna kitu kimekorogwa humo: steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi), haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua), au zebaki, na zebaki huingia mwilini na kuharibu figo. Kuwaka moto ukiacha siku mbili kunanifanya nishuku steroidi. Acha kupaka, lakini usikae nyumbani kuvumilia. Nenda kliniki ya ngozi wiki hii, hasa kama una mimba au unanyonyesha, na useme kweli umepaka kwa muda gani na wapi pengine zaidi ya uso. Kikopo nacho kibebe, hata kama kimebaki kitupu.