Dawa ya mzio inaufikiaje moyo?

Swali: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni daktari kijana, niko Wete, Pemba. Nimesoma kwamba terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni kwa sababu iliua watu kwa moyo. Ilikuwaje? Na nikitaka utafiti wa namna hii uwe kazi yangu, nianzie wapi?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu.

Ukiimeza terfenadini peke yake, ini huibadilisha karibu yote kuwa feksofenadini, ambayo haina neno kwa moyo. Balaa huanza mgonjwa akipewa pamoja nayo ketokonazoli ya fangasi au erithromaisini. Dawa hizo hulizuia ini, terfenadini hujaa kwenye damu na kuziba milango ya kutolea potasiamu katika seli za moyo. Mtafiti wa Marekani, Raymond Woosley, na wenzake walilionyesha hilo 1993. Moyo hukawia kutulia baada ya kila pigo, na kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, QT hurefuka, yaani muda tangu umeme wa pigo uanze kwenye vyumba vya chini vya moyo hadi vitulie. Hapo ndipo huweza kuzuka yale mapigo ya kasi ambayo Mfaransa François Dessertenne aliyaeleza 1966 na kuyaita torsades de pointes: mawimbi yanajisokota kama kamba ya usumba. Mgonjwa huzirai, pengine hutikisika mwili, na jamaa zake wakadhani ni kifafa. Marekani iliiondoa terfenadini 1998.

Woosley alisomea famakolojia na udaktari pia, na mimi naona hiyo ndiyo njia. Somea magonjwa ya ndani, kisha moyo, lakini usimwache mfamasia; kaa naye.

Lakini leo, hapo Wete, anza na karatasi. Ikienda kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo kimoja ni milisekunde 40. Pima QT kwa mkono wako, hasa wimbi la T, lile linalofunga QT, likiwa limelala, maana mashine hukosea mwisho wake. Andika na kanuni uliyotumia kuirekebisha QT kwa kasi ya mapigo: ile ya Bazett ya 1920 huzidisha QT moyo unapokwenda mbio, na mtafiti asiyeitaja kanuni yake hatufai. QT iliyorekebishwa ikipita milisekunde 500, au ikiongezeka zaidi ya 60 juu ya ile ya mgonjwa mwenyewe, shtuka. Ili uijue ile ya mwenyewe, lazima umpige ECG kabla ya kumwanzishia haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, au dawa nyingine inayorefusha QT.

Kisha mgonjwa wako, tuseme ni bibi, mwambie amwage mkoba wake wa dawa mezani, vya hospitali na vya dukani. Mara nyingi sababu ya QT kurefuka imo humo: flukonazoli ya fangasi aliyonunua mwenyewe, vidonge vya presha vinavyomkojoza na kumtoa potasiamu, na wiki nzima anaharisha. Wanawake wamo hatarini zaidi kuliko wanaume, na kadhalika mwenye mapigo ya polepole. Yote hayo yaandike kwenye faili, pamoja na potasiamu na magnesiamu, siku ileile. Ukija kuomba kibali cha utafiti, faili zilizoandikwa hivyo ndizo utakazozihitaji.