Goti likiumia upande wa nje, usilipime kwa maumivu

Ukitaja ligamenti ya goti, yaani kamba ngumu inayoshikanisha mfupa na mfupa, watu wengi wanafikiria ile ya katikati, inayowatoa wachezaji uwanjani msimu mzima. Ya upande wa ndani nayo inajulikana kwa sababu huumia mara kwa mara. Ya upande wa nje haizungumzwi sana, na hapo ndipo shida inapoanzia: ikiumia, mtu anaambiwa "umeteguka tu, pumzika", naye anapumzika huku goti limelegea. Nimelipitia jeraha hili mwenyewe. Kila nikimwona mtu anachechemea huku ameshika goti upande wa nje, najua swali la kwanza atakaloulizwa ni kama linauma sana. Mimi ningemuuliza jingine: ukikanyaga, goti linashika au linaachia?

Tuanze na kilichopo pale. Ligamenti ya pembeni ya nje ni kamba fupi ya mviringo, yenye urefu wa sentimita 5 hadi 7 hivi. Inaanzia kwenye kinundu cha nje cha mfupa wa paja, inashuka na kushika kichwa cha fibula, ule mfupa mwembamba unaokwenda sambamba na muundi. Kwenye goti lisiloumia unaweza kuigusa. Kaa kwenye kiti, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mguu wa pili, kisha uache goti la mguu ulioupandisha lishuke kwa nje. Pitisha kidole upande wa nje wa goti hilo. Utakutana na kitu chembamba kilichokaza, kinachoteleza kidogo chini ya kidole. Ndiyo yenyewe. Ila usifanye hivyo kwenye goti lililoumia juzi, maana mkao huo huo ndio unaoivuta.

Kazi yake kubwa ni kulizuia goti lisifunguke kwa nje, yaani lisifuate mwelekeo wa matege. Kwa hiyo huumia pale nguvu inapotoka upande wa ndani: mtu amesimama kwa mguu mmoja, mwingine anamwangukia au anamgonga kwa ndani ya goti, na goti linasukumwa nje. Inaweza pia kuumia bila kuguswa na mtu, mguu ukiwa umekanyaga chini na mwili ukageuka vibaya, au goti likinyooka kupita kiasi chake na kurudi nyuma.

Hiyo kamba haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kidogo kuna kundi zima la vitu ambavyo madaktari wa mifupa huviita kona ya nyuma na nje ya goti: kano ya popliteasi, msuli mdogo wa nyuma ya goti, ligamenti ndogo inayoiunganisha kano hiyo na fibula, na jirani yake kano ya msuli wa nyuma ya paja ambayo nayo inashika kichwa cha fibula. Kona hii inazuia goti lisifunguke kwa nje na pia inazuia muundi usizunguke kupita kiasi. Ligamenti ya nje kuumia peke yake si jambo la kawaida sana. Pigo lenye nguvu ya kuikata kabisa mara nyingi linachukua na wenzake, zikiwemo zile ligamenti mbili za katikati zinazopishana.

Kuna sababu nyingine ya kuuheshimu upande huu, nayo ni umbo la mifupa. Upande wa ndani wa goti, mfupa wa paja umekaa juu ya uso wa muundi uliobonyea kidogo, kwa hiyo una mahali pa kutulia. Upande wa nje, uso wa muundi umebinuka kwa juu. Mfupa wa mviringo unakaa juu ya mwingine wa mviringo, na kinachovishikilia ni ligamenti na kano hizo. Ligamenti ya ndani iliyokatika mara nyingi hupona vizuri kwa kufungwa kifaa na mazoezi. Ya nje ikikatika kabisa haina bahati hiyo. Ikiachwa hivi hivi, goti huwa linabaki limelegea.

Mimi niliumia nikicheza mpira. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa chini, mpinzani akateleza na bega lake likanipiga ndani ya goti. Nilisikia kitu kimevutika upande wa nje, nikakaa chini. Cha ajabu, goti halikuvimba sana. Kituo cha kwanza nilichopelekwa walinipiga eksirei, wakasema mfupa mzima, wakanipa dawa ya maumivu na kuniambia nirudi nyumbani. Hakuna aliyelishika goti lenyewe kulijaribu, na hakuna aliyeniuliza kuhusu vidole vya mguu.

Uvimbe unadanganya sana kwa jeraha hili. Ligamenti ya nje iko nje ya mfuko wa goti, kwa hiyo inaweza kuchanika na uvimbe ukawa mdogo tu, pale pale pembeni. Goti lote likijaa ndani ya saa chache baada ya kuumia, ni dalili kuwa kuna damu ndani ya kiungo, na hapo ligamenti ya mbele ya katikati, mojawapo ya zile mbili zinazopishana, inashukiwa. Maumivu nayo hayaaminiki: ligamenti iliyochanika nusu inaweza kuuma kuliko iliyokatika yote, kwa sababu iliyokatika haivutwi tena.

Sasa nije kwenye vidole vya mguu, na hapa naomba usome polepole. Mshipa wa fahamu unaoitwa peronia unapita nyuma ya kichwa cha fibula na kuizunguka shingo ya mfupa huo, karibu kabisa na ngozi. Nguvu inayolifungua goti kwa nje inaweza kuuvuta au hata kuukata mshipa huo. Huo ndio unaonyanyua unyayo na vidole, na ndio unaoleta hisia kwenye sehemu ya nje ya mguu chini ya goti na juu ya unyayo. Kwa hiyo baada ya kuumia, jaribu kuvuta kidole gumba cha mguu kije kwako, kisha unyayo wote. Pitisha vidole vya mkono juu ya unyayo, ulinganishe na mguu wa pili. Ukiona unyayo unaning'inia, haunyanyuki, au pana ganzi, usingoje kesho. Mwambie daktari waziwazi hata kama hajauliza. Mimi nilikuwa na ganzi hafifu juu ya unyayo iliyokuja kuondoka yenyewe, na mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea baadaye aliniuliza kuhusu hiyo kabla hata sijapanda kitandani.

Hatari nyingine kubwa kuliko zote ni goti lililoteguka kikamilifu, mifupa ikaachana, hata kama imerudi yenyewe pale pale. Mshipa mkubwa wa damu unapita nyuma ya goti na unaweza kuharibika. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka, au ukawa unauma kupita kiasi na kukaza, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wasiofika huko, swali la kwanza huwa ni kama eksirei inahitajika. Kuna kanuni iliyotengenezwa Ottawa, Kanada, ambayo madaktari wa dharura wanaitumia sana: piga eksirei ikiwa mgonjwa ana miaka 55 au zaidi, au anaumia akibonyezwa kwenye kichwa cha fibula, au anaumia akibonyezwa kwenye kilegesambwa peke yake, au hawezi kukunja goti hadi nyuzi 90, au hakuweza kutembea hatua 4 pale alipoumia na bado hawezi mbele ya daktari. Kichwa cha fibula kimetajwa humo kwa jina, maana ligamenti wakati mwingine haikatiki bali inang'oa kipande cha mfupa ilipojishika. Na kuna kipande kingine kidogo cha kuangaliwa, kile kinachobanduka ukingoni mwa muundi kwa nje. Daktari mpasuaji Mfaransa Paul Segond alikieleza mwaka 1879. Kwenye picha kinaonekana kama kimfupa kisicho na maana, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba ligamenti ya mbele ya katikati imekatika. Segond alitaja pia utepe unaokivuta kipande hicho, na ilipofika 2013 wapasuaji wa Ubelgiji, Steven Claes na Johan Bellemans, wakaueleza kwa kina kama ligamenti yake yenyewe. Goti limepasuliwa na kuchunguzwa kwa karne nyingi, na upande wa nje bado ulikuwa na jambo la kusema.

Lakini eksirei inaonyesha mfupa. Ligamenti haionekani humo, kwa hiyo "picha iko safi" haimaanishi goti liko salama. Kinachojibu swali la kushika au kuachia ni mikono ya anayejua. Mtaalamu wangu alinilaza, akashika paja kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine, akakunja goti nyuzi 30 hivi na kulisukuma taratibu kuelekea nje. Kisha akalinyoosha kabisa na kurudia, halafu akafanya vile vile kwenye mguu usioumia ili alinganishe. Nyuzi 30 ndipo ligamenti ya nje inapobeba mzigo karibu peke yake. Goti likiachia hapo tu, huenda ni yenyewe. Likiachia hata likiwa limenyooka, vitu vingine navyo vimekatika, na hapo unahitaji kipimo cha MRI, picha inayoonyesha hata ligamenti, na daktari wa mifupa anayeshughulika na magoti. Akanigeuza kifudifudi, magoti yakiwa yamekunjwa, akazungusha nyayo zote mbili kwa nje aone kama mmoja unakwenda mbali kuliko mwenzake. Hicho ndicho kipimo cha ile kona.

Kwa kawaida jeraha hupangwa kwa madaraja matatu. La kwanza nyuzinyuzi za ligamenti zimevutika na goti halijalegea. La pili zimechanika kwa sehemu na goti linaachia kidogo. La tatu imekatika. Langu lilikuwa la pili.

Daraja la kwanza na la pili halihitaji upasuaji. Siku za mwanzo ni kupumzisha goti, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na magongo ikiwa kukanyaga kunauma. Kwa daraja la pili huwa unavaa kifaa chenye bawaba pembeni, kinachoruhusu goti likunje na kunyooka lakini kinalizuia lisiende pembeni. La kwanza huchukua wiki 3 au 4 hivi, la pili mara nyingi wiki 6 hadi 10. Tafadhali usikubali kuchuliwa kwa nguvu kwenye kichwa cha fibula. Ule mshipa wa fahamu uko pale pale chini ya ngozi, na ligamenti iliyochanika haiunganishwi kwa kubonyezwa.

Mazoezi yalianza mapema kuliko nilivyotarajia, na yalianza madogo: kukaza misuli ya mbele ya paja goti likiwa limenyooka, kushikilia kidogo, kuachia. Baadaye kunyanyua mguu ulionyooka, kuchuchumaa kidogo nikiegemea ukuta, kusimama kwa mguu mmoja. Misuli ya makalio pia inafanyishwa kazi, maana nyonga ikiyumba goti linakwenda pembeni. Mazoezi ya kukunja goti kwa kuvuta uzito yaliachwa hadi mwisho, kwa sababu msuli wa nyuma ya paja unavuta kichwa cha fibula, na hutaki kivutwe wakati ligamenti inashikana upya. Kukaa kwa kukunja miguu na kuiachia magoti nje niliambiwa nisahau kwa muda.

Daraja la tatu ni habari nyingine. Kona ya nyuma na nje ikikatika, wapasuaji wengi wanapenda kuifanyia kazi ndani ya wiki 2 au 3 za mwanzo, kabla kovu halijavishikanisha vitu vyote pamoja. Ndiyo maana kusubiri "tuone baada ya mwezi" kunagharimu. Na ikiwa unakwenda kutengenezwa ligamenti ya mbele ya katikati, uliza kabla ya siku ya upasuaji: upande wa nje umepimwa? Kona iliyolegea na kuachwa ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za ligamenti mpya ya katikati kufeli.

Si kila maumivu ya nje ni ligamenti. Kama hukugongwa wala kuteguka, na maumivu yanakuja ukiwa unakimbia, hasa kwenye mteremko, na yako juu kidogo ya mstari wa kiungo, huenda ni ule utepe mrefu unaoshuka kutoka nyonga. Kama goti linakwama au linabofya, gegedu ya nje inashukiwa. Hayo yana tiba zake.

Wapo pia walioumia zamani wakaambiwa wameteguka. Mwombe mtu akutazame ukitembea huku unakuja mbele yake, au jirekodi kwa simu kama uko peke yako. Ukiona kila unapokanyaga goti linachomoka kwa nje halafu linarudi, au wewe mwenyewe unahisi linakosa nguvu ukishuka ngazi, nenda kwa daktari wa mifupa hata kama imepita miaka. Atataka picha ya mguu mzima kutoka nyonga hadi kifundo ukiwa umesimama, kwa sababu mwenye matege anaweza kuhitaji mfupa unyooshwe kwanza ndipo ligamenti zitengenezwe. Zikitengenezwa juu ya mguu uliopinda, kila hatua inazivuta tena.